Mkazo wa Kiitaliano: Ukisie, Ufuate Miisho ya Maneno, Ufungue Kamusi au Utege Sikio?

Mzungumzaji wa Kiswahili anayeanza Kiitaliano huwa na bahati ya mwanzo. Maneno karibu yote yanaishia na irabu, herufi nyingi zinasomeka kama zilivyoandikwa, na ukitamka pizza, spaghetti, Milano au Verona kwa mazoea ya nyumbani, mkazo unaangukia panapostahili: silabi ya pili kutoka mwisho. Halafu zinakuja Napoli, medico, tavola na telefonano. Mji ni Nàpoli, daktari ni mèdico, meza ni tàvola. Na telefonano, yaani "wanapiga simu", ni telèfonano, mkazo umekaa silabi ya nne kutoka mwisho, mahali ambapo Kiswahili hakiupeleki kamwe.

Wanaojifunza lugha hii kwetu si wa aina moja. Kuna waongoza watalii wa Malindi, Watamu na Kiwengwa, kuna mapadre na masista wanaotumwa kusoma Roma, kuna vijana wanaojiandaa kwa chuo kikuu huko Italia, na kuna mashabiki wa mpira wanaotaka tu kutaja timu bila kuchekwa. Njia za kujua mkazo unakaa wapi ni nne: kukisia kwa mazoea ya Kiswahili, kujifunza miisho ya maneno, kufungua kamusi, na kutega sikio. Kila moja ina watetezi wake. Upande wangu nausema mapema: kabla ya kuchagua yoyote, jifunze kukata silabi kama wanavyokata wenyewe. Wengi huruka hatua hiyo kwa kuiona ni zoezi la watoto wa darasa la pili, kumbe mkato ndio unaokwambia neno ulilonalo linahitaji njia ipi.

Jambo moja kuhusu mifano. Waitaliano hawaandiki alama ya mkazo katikati ya neno isipokuwa wakitaka kuondoa utata. Humu nimeiweka ili uone mkazo ulipo, iwe imelalia upande huu (è) au ule (é). Usiinakili kwenye barua wala kwenye mtihani.

Mikato miwili ya neno moja

Kiswahili kinapenda silabi iishie na irabu. Nyumba tunaikata nyu-mba, tangawizi tunaikata ta-nga-wi-zi. M na n zinaambatana na konsonanti inayofuata. Ukienda na mkono huo huo kwenye Kiitaliano utakata ca-mpa-na, te-mpo, Fi-re-nze. Wenyewe wanakata cam-pa-na, tem-po, Fi-ren-ze. M na n zinabaki nyuma na kufunga silabi iliyotangulia. Si mkato mgeni kwetu kabisa, kwani ndivyo tunavyotamka lab-da, daf-ta-ri na mak-ta-ba. Ila tumeuzoea kwenye maneno ya kukopa, hasa yaliyotoka Kiarabu.

Kanuni zenyewe si nyingi. Konsonanti moja kati ya irabu mbili huenda na irabu ya mbele: ca-sa, ta-vo-lo. Konsonanti pacha hugawanywa, moja huku na moja kule: pal-la, cap-pel-lo, na hata cq ya ac-qua. L, m, n au r ikifuatwa na konsonanti nyingine hubaki nyuma: al-to, cam-po, par-te. Jozi kama br, dr, pl na tr haziachanishwi: li-bro, qua-dro, re-pli-ca, na zikitanguliwa na konsonanti ya tatu, hiyo ya tatu ndiyo inayobaki: sem-pre, al-tro. Jozi ambazo haziwezi kuanza neno la kawaida la Kiitaliano hukatwa katikati: rit-mo, tec-ni-co. Herufi zinazoungana kutoa sauti moja, yaani gn, gl, sc, ch na gh, hukaa pamoja: ba-gno, fi-glio, pe-sce, po-chi.

Inayoleta ubishi ni s ikifuatwa na konsonanti. Kwa kalamu, s inakwenda mbele: pa-sta, que-sto, fi-ne-stra. Hivyo ndivyo wanavyofundishwa shuleni, na ndivyo utakavyoona neno likikatwa mwisho wa mstari katika kitabu kilichochapwa vizuri. Italia hata ina kiwango rasmi cha kukata maneno mwisho wa mstari, UNI 6461, cha mwaka 1969. Lakini sikiliza. Mwitaliano akitamka casa, a yenye mkazo inavutwa kidogo, karibu na caasa, kwa sababu silabi iko wazi. Akitamka palla, a ni fupi, kwa sababu l imeifunga. Sasa msikilize kwenye pasta: a ni fupi kama ya palla. Kwa sikio, basi, neno linakatika pas-ta, hata kama kalamu inaandika pa-sta.

Hali ni hiyo hiyo kwa gn na sc kati ya irabu, angalau katika matamshi yanayofundishwa kuwa sanifu. Herufi zinaonekana kama sauti moja, lakini mdomo unazikazia mara mbili. Kwa tahajia ya Kiswahili, bagno inasikika bany-nyo, montagna inasikika montany-nya, na pesce inasikika pesh-she. Gl ya famiglia nayo imo katika kundi hilo, ingawa sauti yake hatuna ya kuilinganisha nayo.

| Neno | Maana | Mkato wa kalamu | Mkato wa sikio |
|---|---|---|---|
| campana | kengele | cam-pa-na | cam-pà-na |
| finestra | dirisha | fi-ne-stra | fi-nès-tra |
| montagna | mlima | mon-ta-gna | mon-tàgn-gna |
| mandorla | lozi | man-dor-la | màn-dor-la |
| cattedra | meza ya mwalimu | cat-te-dra | càt-te-dra |

Uchague upi? Ukiandika na mstari umekwisha, fuata kalamu bila kujadili. Ukitafuta mkazo, fuata sikio. Wanaochanganya hivi viwili ndio wanaolalamika kwamba Kiitaliano hakina kanuni.

Irabu zinapokutana kazi inakuwa ngumu zaidi. A, e na o zikiwa jirani hutengana: po-è-ta, le-ó-ne, pa-é-se. I na u zisizo na mkazo hujiunga na irabu ya pembeni: piè-de, fuò-co, I-tà-lia. Zikiwa na mkazo hujitenga: pa-ù-ra, vì-a, zì-o. Maana yake hapa mkato ndio unaongoja mkazo. Camicia, shati, ina silabi tatu, ca-mì-cia. I ya mwisho haitamkwi, ipo tu kumwambia msomaji kwamba c isomwe kama ch ya Kiswahili. Farmacia, duka la dawa, ina nne, far-ma-cì-a. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kwa mkato wa kalamu kuna ushauri wa shule ambao ni salama siku zote: usianze mstari mpya na irabu iliyotanguliwa na irabu. Kata far-macia au farma-cia, usikate farmaci-a. Na panapo ritifaa ('), dell'amico inakatwa del-l'amico. Magazeti siku hizi huacha ritifaa ining'inie mwisho wa mstari. Mwalimu wa mtihani anaweza asipendezwe.

Kukisia kwa mazoea ya Kiswahili

Njia hii haina gharama, na kwa maneno mengi inafaulu. Waitaliano wenyewe huyaita maneno yenye mkazo silabi ya pili kutoka mwisho *piane*, na hayo ndiyo wingi wa msamiati. Tatizo ni kwamba ukikisia tu hujui ni lini umepatia na ni lini umekosa. Hapo ndipo mkato unapolipa.

Kata neno kwa sikio, kisha tazama silabi ya pili kutoka mwisho. Ikiwa imefungwa na konsonanti, weka mkazo hapo na uendelee na safari. Palèrmo, Firènze, Livórno, Salèrno, Trénto, Agrigènto, Vicènza, Potènza. Ragàzza, cappèllo, moménto, settèmbre. Finèstra, orchèstra na montàgna nazo zimo, ndiyo maana nikasema ukate kwa sikio. Yanayovunja kanuni hii ni machache kiasi cha kukaririka: Tàranto na Òtranto, miji miwili ya kusini, pamoja na màndorla na pòlizza, hati ya bima. Utakutana na mengine kwenye majina ya mahali, lakini si mengi.

Anayekata Kiswahili, Pa-le-rmo na Fi-re-nze, anazifungua silabi zote kwa nguvu na kujinyima dalili hiyo. Kwake Pa-le-rmo na Mo-de-na zina umbo moja. Akipatia Palermo amebahatisha, na Modena ataikosa.

Silabi ya pili ikiwa wazi, kisio halina thamani tena. Veróna, Cremóna na Ancóna upande mmoja. Mòdena, Gènova na Pàdova upande mwingine. Umbo ni lile lile, kanuni hakuna. Jozi za br na dr nazo haziifungi silabi, kwa hiyo càttedra, pàlpebra (kope) na tènebre (giza) zimeupeleka mkazo nyuma bila kuvunja sheria yoyote. Sisi tuna jozi za maneno ya aina hii chache sana, kama barabara ya kupita magari na barabara ya "sawasawa", ambayo wengine huikaza silabi ya tatu kutoka mwisho. Wao wanazo kwa mamia. Àncora ni nanga, ancóra ni "bado". Prìncipi ni wana wa wafalme, princìpi ni misingi. Sùbito ni "mara moja", subìto ni "kilichompata mtu". Pàgano ni "wanalipa", pagàno ni mpagani, na huo mmoja waseminari waushike mapema.

Miisho ya maneno

Silabi ya pili ikiwa wazi, njia yenye faida kubwa kwa muda mfupi ni hii. Miisho mingi ya Kiitaliano hubeba mkazo wake popote iendapo. Ukiijua michache, umeyajua mamia ya maneno kwa mpigo.

Inayouacha mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu ndiyo inayopingana na mazoea yetu: -issimo kama bellìssimo; -abile na -ibile kama amàbile na possìbile; -evole kama piacévole; -udine kama abitùdine; -ologo, -ografo na -ometro kama psicòlogo, fotògrafo, termòmetro na chilòmetro. Kisha -ico: pùbblico, elèttrico, mèdico, polìtico. Ya -ico inayokataa ni ya kukariri, na bahati nzuri ni ya kila siku: amìco, nemìco, antìco, ombelìco.

Hiyo -ico inakulipa mara mbili. Wingi wa maneno hayo unafuata mkazo: yenye mkazo wa tatu kutoka mwisho kwa kawaida huchukua -ici, hivyo mèdico inakuwa mèdici, yenye mkazo wa pili huchukua -ichi, hivyo antìco inakuwa antìchi. Amìci na nemìci zimejiondoa kwenye kanuni, na càrico, mzigo, ina wingi wa càrichi. Pamoja na hayo, anayejua mkazo ana nafasi nzuri ya kupatia wingi, jambo ambalo kukisia hakukupi.

Kwa -ia angalia kilichotangulia. Maduka na maeneo ya kazi yenye -eria yanakaza i: pizzerìa, gelaterìa, librerìa. Elimu za -logia na -grafia nazo vilevile: biologìa, fotografìa. Democrazìa pia. Lakini stòria, glòria, giustìzia na Venèzia hazikazi i ya -ia. Kwa hiyo -ia peke yake si mwisho wa kuaminika, mpaka ujue silabi gani imeutangulia.

Miisho kama -zione, -mento, -tore, -oso, -ino na -ista sitaichelewesha hapa. Mkazo wake uko pale pale tulipozoea, na mdomo wako utapatia wenyewe.

Udhaifu wa njia hii ni mmoja mkubwa: majina ya kawaida yasiyo na mwisho unaotambulika. Tàvola, càmera, màcchina, sàbato, zùcchero, àlbero, ìsola, nùmero. Hakuna mwisho utakaokusaidia hapa. Haya ni maneno ya kusikia au kutafuta, basi.

Vitenzi, ambapo mazoea yanadanganya

Katika Kiswahili mkazo ni mali ya mwisho wa neno. Ukiongeza kitu, unahama: sóma, soméni; píka, pikía, pikiána. Masikio yetu yamezoea hivyo tangu utotoni, na Kiitaliano kinatutega hapo hapo.

Mwitaliano akibandika viwakilishi mwishoni mwa amri, mkazo haubanduki ulipokuwa. Pòrta ni "leta", pòrtami ni "niletee", pòrtamelo ni "niletee hicho". Neno limeongezeka silabi mbili na mkazo bado uko pòr. Telèfona, "piga simu", inazaa telèfonami, "nipigie simu". Mfano ambao vitabu vya sarufi hupenda kuutaja ni fàbbricamelo, "nitengenezee hicho": fàb-bri-ca-me-lo, mkazo umebaki silabi ya tano kutoka mwisho. Huhitaji kulisema neno hilo sokoni, lakini kanuni yake unaihitaji kila siku.

Nafsi ya "wao" ni mtego wa pili. Karibu kila wakati wa kitenzi, umbo la wao linaweka mkazo pale pale lilipouweka umbo la yeye, kisha linaongeza silabi mwishoni. Pàrla, pàrlano. Àbita, àbitano. Parlàva, parlàvano. Parlerèbbe, parlerèbbero. Anayesema parláno na abitáno amechukua kanuni ya Kiswahili na kuivalisha nguo za Kiitaliano. Kama una nafasi ya kurekebisha kosa moja tu la mkazo mwaka huu, rekebisha hili, kwa sababu huwezi kuzungumzia watu dakika mbili bila kulitumia. Sisi na ninyi hazina shida katika wakati uliopo: parliàmo, parlàte, abitiàmo, abitàte.

Linabaki swali la umbo la yeye lenyewe, na hapa hakuna kanuni itakayokufaa. Invìta, "anaalika", na èvita, "anaepuka". Cammìna, "anatembea", na tèrmina, "anamaliza". Zinafanana kama mapacha na kila moja ina mkazo wake. Kati ya hizo zenye mkazo wa nyuma, utazihitaji mapema hizi: àbita, telèfona, órdina, diméntica, desìdera, immàgina na signìfica (sìgnifica ni kosa).

Mtego wa tatu ni vitenzi vya -ere. Vya -are na -ire havina ubishi, parlàre, dormìre. Vya -ere vimegawanyika. Vingi vinaurudisha mkazo kwenye mzizi: lèggere, scrìvere, prèndere, méttere, chiùdere, vìvere, conóscere. Kundi dogo, lakini lenye vitenzi vinavyotumika zaidi, linakaza mwisho: avére, vedére, sapére, potére, dovére, volére, tenére, rimanére, piacére, cadére. Kariri kundi dogo, vinavyobaki vitupe kule. Ni mahesabu rahisi.

Neno la kumwonyesha anayedhani mkazo ni mapambo: càpitano ni "yanatukia", capitàno ni nahodha, capitanò ni "aliongoza". Herufi zile zile, nafasi tatu, habari tatu. Ni ya tatu tu inayoandikwa alama.

Kamusi

Kamusi ndiyo hakimu, na tofauti na njia zilizotangulia, haibahatishi. Kamusi kubwa za Kiitaliano huonyesha mkazo kwenye neno lenyewe, na ukitafuta kitenzi kama abitare huandika pembeni umbo la mimi: *io àbito*. Wengi hulipita hilo bila kuliona. Lakini kutokana na àbito unapata àbita, na kutokana na àbita unapata àbitano, kwa hiyo mstari mmoja umekupa kitenzi kizima cha wakati uliopo. Kamusi ndogo za mfukoni za lugha mbili mara nyingi hukunyima hilo, na ndiyo sababu sipendekezi mtu ategemee hizo peke yake.

Kwa majina ya watu na miji, kamusi ya kawaida haitoshi. Redio na televisheni ya taifa ya Italia, RAI, ilitoa kamusi ya tahajia na matamshi mwaka 1969 kwa ajili ya shida hiyo hiyo: mtangazaji ambaye amewekewa jina mbele yake na taa nyekundu imeshawaka. Ina majina mengi ya mahali na ya watu. Wikipedia ya Kiitaliano nayo huonyesha matamshi ya miji mingi mwanzoni mwa makala.

Hasara ya kamusi ni mwendo. Huwezi kumwambia mgeni asubiri ufungue ukurasa. Hasara nyingine ni kwamba kamusi inakwambia linalokubalika, wakati mitaani utasikia jingine. Waitaliano wenyewe hukosoana: kamusi zinataka rubrìca, daftari la anwani, na wengi wanasema rùbrica, zinataka edìle, "wa ujenzi", na utasikia èdile kwa mafundi wenyewe, zinataka Friùli kwa lile jimbo la kaskazini-mashariki, na Frìuli inatamkwa hata na watu wenye shahada. Mgeni asijiingize kwenye ugomvi huo. Fuata kamusi, lakini usimsahihishe mwenyeji.

Sikio

Nenda ufukweni Malindi na utawakuta watu wanaozungumza Kiitaliano kinachotiririka, wengine hawajawahi kukaa darasani hata siku moja. Mkazo wao huwa mzuri kuliko wa wanafunzi wa vitabu, kwa sababu neno liliwaingia likiwa na mkazo wake tayari. Tàvola haikupitia kwenye karatasi, kwa hiyo haikuwahi kuwa tavóla. Kwa maneno yasiyo na mwisho unaotambulika, na kwa majina ya miji, hakuna njia inayoishinda hii.

Inapofika kuandika, mambo hugeuka. Sikio lililolelewa na Kiswahili halikamati kwa urahisi konsonanti pacha, na anayejifunza kwa kusikia tu huandika pala na palla sawasawa, na kuchanganya penna, kalamu, na pena, adhabu. Hapa mkato humsaidia hata yeye: akijua kwamba pal-la ina silabi iliyofungwa na irabu fupi, na pa-la ina silabi wazi na irabu iliyovutwa, anaanza kusikia tofauti ambayo awali ilimpita. Asisikilize konsonanti, asikilize urefu wa irabu iliyotangulia.

Cha kusikiliza ni taarifa ya habari, si nyimbo. Mtunzi wa wimbo huvuta silabi anayoitaka ili ilingane na noti, na wewe unabaki na mkazo wa mtunzi. Matangazo ya mpira kwa Kiitaliano ni shule nzuri sana, ukiacha kelele: Nàpoli, Càgliari, Émpoli, Bèrgamo, Ùdine dhidi ya Udinése. Na utagundua kwamba mji ni Milàno lakini klabu ni Mìlan, mkazo mwanzoni, jina lililobaki na umbo la Kiingereza kwa sababu Waingereza walikuwa miongoni mwa waanzilishi wake mwaka 1899.

Sauti za programu za tafsiri kwa neno moja moja husaidia. Kwa maneno kama principi na ancora, zinategemea kuelewa sentensi, na usizifanye shahidi wa mwisho.

Nani achukue ipi

Mwongoza watalii: sikio kwanza, kisha kanuni ya wao, pàrlano na àbitano, kwa sababu utasimulia habari za watu kutwa nzima. Kamusi iwe ya usiku. Orodhesha miji wanayotoka wageni wako na uhakikishe mkazo wa kila mmoja. Mgeni wa Bèrgamo aliyesikia Bergámo husamehe, lakini aliyesikia Bèrgamo hufungua mazungumzo.

Anayekwenda kusoma vitabu vizito Roma: miisho ya maneno na kamusi, kwa mpangilio huo. Msamiati wa theolojia, sheria na tiba umejaa -ico, -ologo, -logia na -zione, na utashangaa unavyosoma ukurasa mzima kwa sauti bila kukwama. Utakapokwama itakuwa kwenye zùcchero na sàbato, nje ya darasa.

Mwimbaji wa kwaya: mkato wa sikio ndio chombo chako. Kwenye canto vuta a yote, n uifunge nayo mwishoni kabisa, usiikimbilie. Kwenye palla acha l ikae kabla ya kuachia.

Anayejiandaa kwa mtihani wa cheti cha Kiitaliano, CILS wa Siena au CELI wa Perugia: miisho, mkato wa kalamu, na zaidi ya yote alama zinazoandikwa, kwa sababu hapo mkazo ni sehemu ya tahajia. Alama ni lazima kwa neno lenye silabi zaidi ya moja linaloishia na mkazo: città, università, però, lunedì, virtù. Ni lazima kwa più, già, giù, può na ciò. Ni lazima kwa maneno mafupi yenye pacha wa maana nyingine: è ni "ni", e ni "na", dà ni "anatoa", da ni "kutoka", sì ni "ndiyo", si ni kiwakilishi, né, sé, là, lì, tè, dì. Qui, qua, su, fa, va na sto haziwekewi kitu, na wengi wanaziwekea. E ya mwisho ina alama mbili: caffè, tè, cioè na è zina mteremko wa kushuka, perché, poiché, né na sé zina wa kupanda. Namba tatu, tre, haina alama. Ventitré, ishirini na tatu, inayo.